NJIA YA KWENDA MOYONI SI MOJA

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida usemi huu tunauelekeza kwa wafanyabiashara, hasa yule mwenye duka anayekopesha sukari na unga kwa kumbukumbu za kichwani, kisha mwisho wa mwezi akashangaa mtaji umekwenda wapi. Leo napenda tuutumie kwa jambo jingine kabisa, nalo ni miili yetu wenyewe, na hasa ile mishipa inayorudisha damu moyoni.

Kilichonisukuma kuyasema haya ni betri ya moyo. Siku hizi neno hili si geni masikioni mwa wakazi wa mijini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili jijini Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa betri hizo hapa hapa nchini, ilhali huko nyuma wagonjwa wengi wa moyo iliwabidi kusafirishwa hadi India. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini kadiri huduma inavyotufikia karibu, ndivyo inavyotupasa kuielewa. Na moja kati ya mambo yanayofaa kueleweka ni kwamba si kila mtu ana mishipa iliyopangwa kama inavyoonekana kwenye michoro ya vitabu.

Tuanze na betri yenyewe. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku moja. Kila pigo huamshwa na umeme mdogo sana ambao moyo hujitengenezea wenyewe. Njia za umeme huo zikiharibika, kwa uzee au kwa maradhi, mapigo hushuka hadi 40 au hata 30 kwa dakika. Hapo mtu huona kizunguzungu, huishiwa nguvu, na pengine huanguka ghafla sokoni au bafuni. Wapo wanaodhani ni kifafa, na wapo wanaokimbilia kusema amerogwa. Kumbe ni moyo uliokosa mtu wa kuuamsha kwa wakati.

Betri ya moyo ni kikasha kidogo chenye uzito wa takriban gramu 20 hadi 30. Daktari hukiweka chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na mara nyingi upande wa kushoto, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Kutoka kwenye kikasha hicho hutoka waya mmoja, au wawili, au hata watatu, zinazopita ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Kwa kawaida mgonjwa huwa macho, amechomwa sindano ya ganzi mahali pa kupasuliwa tu, na daktari huutazama waya ukisafiri kwenye kioo cha mtambo wa eksirei. Kipo pia kifaa ndugu yake, kinachoushtua moyo uliochafukwa na mapigo ya hatari. Hicho kiliwekwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1980 huko Baltimore, Marekani. Nacho kwa kawaida hupitisha waya wake katika njia hiyo hiyo.

Sasa neno hilo, njia, ndilo ninalotaka tulitazame.

Mwaka 1929, huko Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann aliingiza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe wa kushoto, akausukuma kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei kuthibitisha kwamba ncha ya mrija imefika moyoni. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amemkataza. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili waliouendeleza ujuzi huo huko Marekani. Tangu siku ile wanadamu wakajua kwamba moyo unafikika bila kupasua kifua.

Hata hivyo mtu wa kwanza kuwekewa betri iliyozikwa mwilini, Arne Larsson wa Sweden, alipasuliwa kifua. Hiyo ilikuwa tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska. Mpasuaji alikuwa Åke Senning, na mhandisi aliyetengeneza kifaa alikuwa Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu kikaharibika. Lakini Larsson hakukata tamaa, wala waganga wake hawakukata tamaa. Alibadilishiwa betri zaidi ya mara 20 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86. Baadaye waganga wakaanza kupitisha waya ndani ya mshipa, kwa mtindo ule ule wa Forssmann, na kazi iliyokuwa ya kufungua kifua ikawa ya kupasua sentimita chache za ngozi. Hapo ndipo ramani ya mishipa ikawa jambo la lazima kwa daktari wa betri.

Ndugu wasikilizaji, ramani ya kawaida iko hivi. Damu ya mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa hushuka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa juu, ulio upande wa kulia wa kifua, na kuingia katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Damu ya upande wa kushoto haina barabara yake ya kushuka. Huvuka kifua kwa mshipa wa kukatisha, ikaenda kuungana na ile ya kulia. Ni kama mji ambao magari yote ya upande wa kushoto hukatisha kwanza ndipo yaingie barabara kuu.

Lakini mtoto akiwa bado mchanga kabisa tumboni mwa mama yake huwa na barabara mbili za kushuka, ya kulia na ya kushoto. Kadiri anavyokua, ile ya kushoto hunywea na kufunga, ikabaki alama tu kama uzi nyuma ya moyo. Daktari Mwingereza John Marshall aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1850, na uzi huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Hivyo elimu ya jambo hili ni ya zamani, imeitangulia betri ya moyo kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa, kwa watu watatu hadi watano katika kila watu 1,000, ile barabara ya kushoto haifungi. Hubaki wazi maisha yote. Je, hao ni wachache? Hebu tupige hesabu. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa watu 60,000 siku ya Simba na Yanga, basi kwa kipimo hicho watu kati ya 180 na 300 pale jukwaani wana mshipa wa namna hiyo, na karibu wote hawajui. Wanashangilia, wanaruka, wanarudi nyumbani wazima. Kwa waliozaliwa na kasoro nyingine za moyo idadi huwa kubwa zaidi, lakini mshipa huu ukiwa peke yake kwa kawaida haumdhuru mtu. Si ugonjwa, si laana, wala si dalili ya chochote kibaya alichokula mama wakati wa ujauzito. Ni njia ya zamani ambayo haikufungwa.

Taabu huanza siku mwenye mshipa huo anapolala kitandani ili awekewe betri.

Tuseme ni mama mmoja mtu mzima ambaye mapigo yake yameshuka. Daktari amepasua chini ya mtulinga wa kushoto, amepata mshipa, ameingiza waya. Anatazamia kuuona waya ukivuka kifua kuelekea kulia. Badala yake anauona ukishuka wima upande wa kushoto wa uti wa mgongo. Daktari asiyelijua jambo hili anaweza kufadhaika, akidhani ametoboa mshipa au ameingia katika mshipa wa damu itokayo moyoni. Anayelijua hutulia. Husimamisha kazi, hupitisha mililita chache za dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kutazama damu inakwenda wapi.

Mara nyingi, takriban mara tisa katika kumi, ataiona inaingia katika mfereji ulio nyuma ya moyo. Mfereji huo kazi yake ya kawaida ni kukusanya damu iliyokwisha kuulisha msuli wa moyo wenyewe na kuimwaga katika chumba cha juu cha kulia. Kwa mtu huyu mfereji umepanuka, kwa sababu unabeba mzigo wa barabara nzima ya kushoto. Basi waya utafika chumba kile kile uliotakiwa kufika, ila kwa mlango wa nyuma.

Na hapo ndipo penye kazi. Waya unatakiwa kutoka chumba cha juu na kuingia chumba cha chini kwa kupitia vali iliyo kati yake. Ukipita njia ya kawaida, waya hushuka kutoka juu na vali iko karibu mbele yake. Ukipita mlango wa nyuma, vali iko ubavuni kabisa mwa mlango ulioingilia, na ncha ya waya inaelekea upande mwingine. Mchukue mtu aliyeingia sebuleni amebeba mwanzi mrefu begani, naye anatakiwa kuingia chumba ambacho mlango wake uko kando kabisa ya ule alioingilia. Akigeuka kwa nguvu ataubomoa ukuta. Kwa hiyo daktari hufanya hivi: huupinda kwa mkono wake ule ungo mwembamba wa chuma ulio ndani ya waya, huusukuma waya hadi uegemee ukuta wa mbali wa chumba, na kuuacha ujikunje kitanzi, mpaka ncha irudi yenyewe kuelekea kwenye vali. Kisha huukaza moyoni kwa skurubu ndogo iliyo nchani, maana waya uliopinda hivyo huwa mwepesi kuteleza. Ni kazi ya subira. Inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kawaida, na mionzi inayotumika huongezeka.

Lakini hiyo si njia pekee. Daktari anaweza kuhamia upande wa kulia, iwapo barabara ya kulia ipo, na kwa wengi wa watu hawa ipo. Anaweza kuutuliza waya katika tawi la ule mfereji na kuuamsha moyo kutokea upande wa kushoto. Anaweza kumwita mpasuaji ashonee waya juu ya moyo, kama alivyofanyiwa Larsson. Na kuanzia miaka ya 2010 ipo betri isiyo na waya, yenye uzito wa takriban gramu 2, inayopitishwa kwenye mshipa wa paja kutokea kinena na kuachwa ndani ya moyo wenyewe. Hiyo haina haja kabisa na mishipa ya kifuani, ingawa haipatikani kila mahali wala haimfai kila mgonjwa.

Lipo pia hali moja ambayo haitaki mzaha. Kwa wachache, mshipa huu wa kushoto haumwagi damu upande wa kulia wa moyo, bali upande wa kushoto, ule unaosukuma damu kwenda ubongoni na mwili mzima. Waya ukipita humo, donge dogo la damu likijishika juu yake na kubanduka, linaweza kwenda moja kwa moja hadi kwenye ubongo, na mgonjwa aliyekuja kutibiwa moyo akapooza. Kwa hiyo kusimama na kutazama kabla ya kuendelea si woga. Ni kumwokoa mtu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi mambo haya yagunduliwe wakati mgonjwa amekwisha pasuliwa? Je, haiwezekani kujua mapema? Inawezekana. Kabla ya betri, wagonjwa wengi hufanyiwa ultrasaundi ya moyo. Mtaalamu akiuona ule mfereji wa nyuma umepanuka kupita kawaida, anapaswa kujiuliza sababu. Na kipo kipimo rahisi sana cha kuthibitisha. Huchukuliwa maji ya chumvi ya hospitali, yakatikiswa mpaka yakawa na mapovu madogo, kisha yakachomwa kwenye mshipa wa mkono wa kushoto huku moyo ukitazamwa kwenye kioo. Mapovu yakitokeza kwanza kwenye mfereji wa nyuma, ndipo yaingie chumba cha kulia, basi barabara ya kushoto ipo. Yakitokeza upande wa kushoto wa moyo, hiyo ni ile hali ya hatari. Kipimo kikirudiwa mkono wa kulia, huonyesha kama barabara ya kulia nayo ipo au haipo.

Wengine watasema, basi kila mgonjwa wa betri apigwe picha kubwa ya mashine ya CT ili tuwe na uhakika. Mimi sikubaliani na hoja hiyo. Picha hizo zina gharama na zina mionzi, na kati ya wagonjwa 1,000 wasiopungua 990 zingewaambia kwamba mishipa yao ni ya kawaida. Nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kuendesha hospitali zake kwa namna hiyo. Linalotakiwa ni kukitazama vizuri kile ambacho tayari kimepimwa, na kuchoma hiyo dawa kidogo mara tu shaka inapoingia. Macho yaliyofunzwa ni rahisi kuliko mashine, nayo hayahitaji umeme.

Sasa nirudi kwenye daftari. Tuseme yule mama amefanikiwa kuwekewa betri yake. Amepona, amerudi nyumbani, wajukuu wanafurahi. Betri hudumu kwa miaka kadhaa, mara nyingi miaka kumi hivi, kisha hubadilishwa, na pengine waya mpya huhitajika. Miaka kumi ni mingi. Daktari yule amehamia mkoa mwingine au amestaafu. Faili limepotea, au limeliwa na mchwa. Mama mwenyewe amehamia kwa mwanawe Mwanza. Daktari mpya anaanza upya, na kwa mara ya pili mtu yule yule anapasuliwa na watu wasiojua njia zake, ilhali njia zenyewe zilikwisha kujulikana siku nyingi.

Wala si kwa ajili ya betri peke yake. Siku moja mama huyo anaweza kuugua figo, akatakiwa kuwekewa mrija shingoni wa kusafisha damu. Mrija ukiwekwa kushoto, picha itauonyesha umeshuka upande usiotarajiwa, na mwuguzi au daktari wa zamu atadhani umeingia pabaya na kuuchomoa. Akihitaji upasuaji mkubwa wa moyo, mpasuaji sharti ajue habari za mshipa huo kabla ya kuiwasha mashine inayoshika kazi ya moyo. Maneno mawili matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi yangewaepusha wote hao na mashaka.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, napenda kutoa rai tatu.

Ya kwanza ni kwa waganga wetu. Mkikuta mshipa usio wa kawaida, andikeni, tena kwa maneno yanayosomeka. Andikeni upande gani, unaingia wapi, waya ulipitishwa vipi. Kisha mwambieni mgonjwa kwa Kiswahili chepesi. Habari za mwili wa mtu ni mali yake kabla ya kuwa mali ya hospitali.

Ya pili ni kwa mgonjwa. Kila anayewekewa betri hupaswa kupewa kadi inayotaja aina ya kifaa na tarehe. Itunze kama unavyotunza hati ya kiwanja. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani muulize daktari: je, mishipa yangu ilikuwa ya kawaida? Kama haikuwa, je, imeandikwa, na mimi nitapata nakala? Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea daktari adabu. Kadi hiyo mwonyeshe kila mganga unayemwendea, hata kama umekwenda kwa ajili ya jino. Na mwonyeshe mwanao mahali unapoiweka, kwa sababu siku ukianguka wewe hutaweza kusema.

Ya tatu ni kwetu sisi jamaa tunaokaa kwenye mabenchi nje ya chumba cha upasuaji. Tumezoea kupima ujuzi wa daktari kwa saa. Tuliambiwa saa moja, zimepita tatu, basi minong'ono inaanza: huyu kijana hajui kazi, tungempeleka kwingine. Na ole wake daktari atakayetoka na kusema kwamba ameona njia isiyo ya kawaida, ameahirisha, na atarudi wiki ijayo akiwa na vifaa vinavyofaa. Tutasema ameshindwa. La hasha! Huyo ndiye wa kuaminiwa. Wa kuogopwa ni yule anayeona waya umekwenda kusiko na bado akaendelea kusukuma kwa kuwa watu wanamsubiri nje. Haraka haraka haina baraka, na katika moyo wa mtu haraka inaweza kuleta msiba.

Vitabu vya tiba vimechora mwili mmoja ili kumfundisha mwanafunzi, na bila mchoro huo hakuna ambaye angejua pa kuanzia. Lakini mgonjwa alalaye kitandani anaweza kuwa mmoja wa wale 300 wa uwanjani. Daktari mzuri huja na mchoro kichwani, kisha humtazama mtu aliye mbele yake. Akikuta tofauti, hufuata mtu, halafu huandika. Na sisi tuliotibiwa, kazi yetu ni kuhakikisha maandishi hayo hayabaki kabatini peke yake. Leo jioni wewe mwenye betri, au mwenye mzazi aliyewekewa betri, itafute ile kadi. Kama haipo, kesho rudi hospitalini ukaiombe.